Ernesto Guevara na Pikipiki Iliyofia Njiani

Mtu apitaye alfajiri katika barabara ya Musoma, akitoka mjini Mwanza kuelekea Nyakato, saa ile wafanyakazi wa viwandani wanapopokezana zamu, hukutana na pikipiki zisizo na idadi. Nyingi zimebandikwa picha kwenye madigadi, na miongoni mwa picha hizo imo moja isiyokosekana: mwanamume kijana mwenye bereti yenye nyota moja, nywele ndefu, ndevu chache, na macho yatazamayo mbali. Tumepata kuwauliza vijana watatu wa bodaboda ni nani huyo. Wa kwanza alidhani ni mwanamuziki. Wa pili alisema ni mwanajeshi wa Kuba. Wa tatu alikiri kwamba picha aliikuta pikipiki ilipouzwa kwake, naye hakuona sababu ya kuibandua.

Wa pili ndiye aliyekaribia. Walakini hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mwenye sura ile naye alikuwa mpanda pikipiki kama wao, tena wa pikipiki mbovu. Wala kwamba siku moja alikaa miezi saba katika milima iliyo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akiitwa kwa neno la Kiswahili. Twaona ni vema leo tueleze habari zake, kwani picha peke yake haifundishi mtu kitu.

Ernesto Guevara alizaliwa mwaka 1928 katika mji wa Rosario, nchini Ajentina, mtoto wa kwanza kati ya watano. Wazazi wake walikuwa watu wa ukoo mkubwa ambao fedha yake ilikuwa imepungua lakini vitabu vyake vilikuwa bado vipo. Alipokuwa angali mtoto mchanga alishikwa na pumu, na ugonjwa ule haukumwacha hata kufa kwake. Kwa ajili yake jamaa nzima walihamia Alta Gracia, mji wa vilimani katika jimbo la Córdoba, ambako hewa ni kavu. Basi yaweza kusemwa kwamba kabla hajajua kusoma alikwisha kuhamishwa kwenda milimani ili apate kuvuta pumzi. Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Buenos Aires kusomea udaktari.

Mwaka 1950, akiwa mwanafunzi, alifunga injini ndogo kwenye baiskeli yake akazunguka majimbo ya kaskazini ya Ajentina peke yake, mwendo wa kilometa zaidi ya 4,000. Katika safari hiyo alipita San Francisco del Chañar, kwenye hospitali ya wagonjwa wa ukoma alikofanya kazi rafiki yake Alberto Granado, mtaalamu wa kemia ya miili. Granado alimzidi Ernesto miaka sita, naye alikuwa na pikipiki. Ilikuwa Norton ya mwaka 1939, yenye injini ya cc 500, yaani mara nne ya hizi za cc 125 tunazozipanda hapa. Mwenyewe aliipa jina la Poderosa, maana yake Yenye Nguvu, na kwa kuwa alikuwa na nyingine kabla yake aliiita ya pili. Tangu mwanzo jina lile lilikuwa na mzaha ndani yake.

Siku za mwisho za Desemba 1951 waliondoka Córdoba, na tarehe 4 Januari 1952 wakauaga mji wa Buenos Aires. Ernesto alikuwa na miaka 23. Walikuwa na hema, blanketi, bastola, birika na mbwa mdogo aliyekuwa zawadi kwa msichana aliyempenda Ernesto pwani ya Miramar. Walikusudia kulipanda bara la Amerika ya Kusini kutoka chini hadi juu, kufuata milima ya Andes, mpaka Venezuela. Fedha zao zilikuwa kidogo, na pikipiki ilibeba mzigo ambao dereva yeyote wa Nyakato angeuona na kutikisa kichwa, ingawa sisi tumewaona wao wenyewe wakibeba kitanda, godoro na mwenye godoro pamoja.

Mzigo ukikaa nyuma kupita kiasi, gurudumu la mbele hukosa uzito na usukani hukataa kutii. Hili liliwapata kila siku. Mchangani walianguka, kwenye changarawe walianguka, na kila walipoanguka kitu kilivunjika. Dawa yao ya kila ugonjwa ilikuwa waya: kilicholegea kilifungwa kwa waya, kilichokatika kiliungwa kwa waya. Usiku mmoja karibu na maziwa ya kusini, walipokuwa wamelala kwa mwenyeji aliyewaonya juu ya puma wa milimani, Ernesto aliona macho mawili yakimetameta mlangoni akafyatua bastola. Asubuhi ikadhihiri kwamba amemwua mbwa wa mwenye nyumba. Tunalisimulia hili kwa sababu wapo wanaomwandika mtu huyu kana kwamba alizaliwa na bunduki mkononi asiyekosa shabaha.

Mnamo Februari walivuka mpaka wa Chile. Gazeti la mji wa Temuco liliwatangaza kuwa ni wataalamu wakubwa wa ugonjwa wa ukoma kutoka Ajentina, jambo ambalo kwa Granado lilikuwa na nusu ya ukweli na kwa Ernesto halikuwa na hata robo. Walilikata gazeti lile wakalibeba, na likawapatia chakula, vitanda na mafundi wasiodai malipo. Kijiji cha Lautaro iliwalazimu kukiacha kwa mbio baada ya ugomvi uliotokea dansini kwa sababu ya mke wa mtu. Habari hiyo tunaiacha hapo. Kisha breki ilikataa wakiwa mteremkoni, mbele yao kundi la ng'ombe limejaa njia nzima. Walinusurika kwa kuielekeza pikipiki ukingoni. Siku chache baadaye, katika mlima mkali, Poderosa ilizimika isiwake tena. Lori liliwabeba wao na chombo chao hadi mji wa Los Ángeles, ambako walilala kwa wazima moto wa kujitolea, na hatimaye wakaifikisha Santiago. Huko waliiacha imefunikwa.

Hapa twamwomba msomaji asimame kidogo. Safari ile imejulikana ulimwenguni kote kuwa ni safari ya pikipiki. Kumbukumbu zake zilipochapishwa katika miaka ya 1990, na filamu ilipotengenezwa mwaka 2004, pikipiki ndiyo iliyowekwa kwenye jalada. Lakini pikipiki haikuuona mgodi wa shaba. Haikuliona jangwa, wala Ziwa Titicaca, wala Cuzco, wala kambi ya wagonjwa kando ya mto Amazon. Ilikuwa imekwisha kufa. Yote ambayo kwayo safari ile inakumbukwa yalitokea Ernesto na Granado walipokuwa watembea kwa miguu na waomba lifti.

Tofauti si ndogo. Wenye pikipiki walikuwa wasafiri wa kupendeza, wageni wa ajabu, ambao watu hutoka nje kuwatazama. Wasio na pikipiki walikuwa watu wawili wachafu wenye njaa. Mwenye chombo husimama apendapo. Asiye na chombo husimama pale ambapo wenye shida wenziwe wamesimama. Huzungumza nao kwa sababu hana pa kwenda. Sisi tunaoandika makala haya tumepanda magari ya kazini yenye vioo vyeusi, na tumepanda daladala ya Buhongwa wakati wa jioni. Kwa kweli habari za mji tulizipata daladalani.

Katika bandari ya Valparaíso Ernesto aliitwa kumtazama bibi mzee mgonjwa wa pumu na moyo, aliyefanya kazi ya utumishi mpaka mwili ulipokataa. Daktari mwanafunzi hakuwa na la kumfanyia ila kumpa vidonge vichache. Alichokiona zaidi ya ugonjwa ni jinsi jamaa za yule bibi walivyomwona kuwa mzigo, si kwa ubaya wa mioyo yao bali kwa sababu nyumba ya mshahara mdogo haiwezi kulisha mtu asiyezalisha. Kutoka pale walizamia meli iitwayo San Antonio, wakajificha chooni. Walipogunduliwa walipewa kazi za chini kabisa ubaoni, na hivyo wakafika Antofagasta, kaskazini ya Chile.

Nyuma ya Antofagasta liko jangwa la Atacama, ambalo ni miongoni mwa nchi kavu kupita zote duniani. Ziko sehemu ambazo mtu huweza kuishi miaka mingi asione mvua ya kulowanisha shati. Nchi hupanda kutoka baharini kuelekea Andes, kahawia na nyekundu, bila mti, bila nyasi, bila ndege. Mchana jua huchoma. Usiku baridi huingia mifupani. Wasukuma wajuao kiangazi cha Kishapu wasidhani kuwa wamekwisha kuona ukavu.

Katika kituo kiitwacho Baquedano walikutana na mume na mke, wafanyakazi, wakiwa njiani kwa miguu. Mume alikuwa mkomunisti. Chama chake kilikuwa kimepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1948, naye alikuwa amekaa gerezani miezi mitatu. Alipotoka hakuna mgodi wa maana uliomtaka. Walikuwa wamewaacha watoto wao kwa jirani, wakaelekea kwenye migodi ya salfa iliyo juu milimani, ambako hewa ni mbaya na kazi ni ya kuua, kiasi kwamba hakuna msimamizi anayejali kumwuliza kibarua ni mtu wa chama gani. Usiku ule wa jangwani mume na mke hawakuwa na hata blanketi moja. Wageni waliwapa moja ya zao, wakajifunika wao wawili lililobaki. Ernesto aliandika kwamba ndio usiku aliopata baridi kuliko zote, na ndio usiku aliojiona karibu zaidi na jamaa wa aina ile, ambao hapo kabla walikuwa wageni kwake. Wale wawili majina yao hayakuhifadhiwa, na hatujaona mtu aliyebandika picha yao kwenye madigadi.

Asubuhi wakaenda Chuquicamata. Mgodi huo, ulio karibu meta 2,900 juu ya usawa wa bahari, ni mojawapo ya mashimo makubwa kupita yote yaliyochimbwa na mikono ya wanadamu. Mtu akisimama ukingoni huona ngazi za mwamba zikishuka duara kwa duara, na malori chini yakiwa kama sisimizi. Wakati huo ulikuwa mali ya kampuni ya Anaconda ya Marekani. Wakubwa wa mgodi waliwapa vijana wale kiongozi wa kuwatembeza na kuwafahamisha kwamba pale si mahali pa watalii. Mgomo ulikuwa ukiandaliwa. Ernesto aliuliza habari za makaburi ya wachimbaji na malipo ya wajane, akaona kwamba hesabu ya shaba iliyotoka inajulikana barabara, lakini hesabu ya waliokufa kwa maporomoko, vumbi la mapafuni na baridi hakuna anayeishika. Wasomaji wetu wenye ndugu zao Geita, Mwadui na Bulyanhulu watajua kwa nini tumekawia hapa. Shaba ya Chile ilitaifishwa mwaka 1971, miaka minne baada ya Ernesto kufa.

Kutoka Chile waliingia Peru kwa Tacna, wakapanda kwenda Puno juu ya malori yaliyojaa watu na mifugo. Hapo ndipo ulipo uwanda wa juu wa Andes. Ziwa Titicaca limelala kwenye kimo cha meta 3,812, juu kidogo kuliko vibanda vya Horombo mahali wapandapo Kilimanjaro wanapoanza kuumwa kichwa. Ziwa letu Victoria liko meta 1,134 tu. Fikiri basi ziwa lenye samaki, mitumbwi na vijiji, lakini hewa yake ni nyembamba kama ya nusu ya njia ya kwenda kileleni. Miti ni michache. Watu wa asili, Waaymara na Waquechua, hufuga lama na kulima viazi katika udongo wenye mawe, na hutafuna majani ya koka ili kuzuia njaa na kizunguzungu. Nchi ile ilikuwa yao kabla ya Wahispania. Katika 1952 walikuwa vibarua juu yake, wakisafiri nyuma ya lori, ilhali mzungu aliye mchafu kama Ernesto aliweza kupewa nafasi mbele kwa dereva kwa ajili ya ngozi yake. Aliliona hilo, na hakulisahau. Pumu ilimshika vibaya katika milima ile. Mara nyingine Granado alimdunga sindano usiku.

Waliona Cuzco na magofu ya Machu Picchu. Huko Lima walipokewa na Daktari Hugo Pesce, mtaalamu wa ukoma na mtu wa siasa ya wafanyakazi, aliyewapa chakula, nguo na barua ya kuwafikisha San Pablo, kambi ya wagonjwa wa ukoma kando ya mto Amazon. Wale miongoni mwetu waliopata kuwatembelea wazee wa Bukumbi watatambua lililowagusa wagonjwa wa San Pablo: vijana wawili walishikana nao mikono bila glavu, wakala nao, wakacheza nao mpira. Wagonjwa waliwajengea chelezo cha magogo ili wateremke mtoni. Julai walifika Caracas. Granado alipata kazi akabaki. Ernesto alirudi kwao kumaliza masomo, na mwaka 1953 akawa daktari.

Miaka iliyofuata inajulikana zaidi, nasi tutaipita upesi. Aliondoka tena mwaka ule ule, akaiona Bolivia, akafika Guatemala, na mwaka 1954 akashuhudia serikali ya Jacobo Árbenz, iliyogawa mashamba kwa wakulima, ikipinduliwa kwa msaada wa Marekani. Meksiko alikutana na Fidel Castro. Novemba 1956 waliondoka watu 82 katika mashua ya Granma kwenda Kuba, na wengi wao waliuawa au kukamatwa siku chache baada ya kutua. Ernesto, ambaye sasa wenziwe walimwita Che kwa kuiga namna Waajentina wanavyoitana, aliingia vitani daktari akatoka kamanda. Tarehe 1 Januari 1959 Batista alikimbia.

Hatutaki kuficha kwamba ushindi ule ulimpa pia kazi ya kusimamia mahakama za kimapinduzi katika ngome ya La Cabaña, ambako watu wa utawala wa zamani walihukumiwa na kupigwa risasi. Wako waliouona uharaka wa hukumu zile kuwa ni dhuluma, na hoja yao haijajibiwa kwa kuvaa fulana yenye picha yake. Baadaye alikuwa mkuu wa Benki ya Taifa, kisha Waziri wa Viwanda. Siku za mapumziko alikwenda kukata miwa na kubeba magunia pamoja na vibarua. Picha ile ya madigadi ilipigwa na Alberto Korda mwezi Machi 1960.

Sasa tufike kwetu. Februari 1965 Che alikuja Dar es Salaam waziwazi, mgeni wa serikali, akaonana na Rais Nyerere na wapigania uhuru wa nchi mbalimbali. Aprili alirudi kwa siri, amenyoa ndevu, kwa jina la bandia. Nchini Kongo, Patrice Lumumba alikuwa amekwisha kuuawa tangu Januari 1961, na wafuasi wake wa mashariki walikuwa wakipigana na serikali iliyosaidiwa na askari wa kukodiwa wa Kizungu. Wakuba walikusudia kuwasaidia. Walifungua kamusi ya Kiswahili, kiongozi aliyejulikana kwa watu akaitwa Moja, mwenzake Mbili, na Che akaitwa Tatu, ili asionekane kuwa mkubwa. Walisafiri kwa barabara mpaka Kigoma, na usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili walivuka Ziwa Tanganyika wakatua Kibamba.

Kwa mara nyingine alikuwa mbele ya milima. Nchi ya Fizi si jangwa kama Atacama. Huku chini kuna msitu na juu kuna nyasi na ukungu. Lakini huinuka ghafula kutoka majini, na kuzifikia kambi za juu kulichukua saa nyingi za kupanda kwa mikono na miguu. Mtu aliyekuwa na pumu na malaria, mwenye miaka karibu 37, aliipanda mara kwa mara.

Safari hii, hata hivyo, hakuja kama alivyokuja Baquedano. Alikuja bila kuwaarifu kwanza viongozi wa Kikongo kuwa ni yeye, na walipojua walistuka. Aliyajua maovu ya adui vizuri, wenyeji hakuwajua. Viongozi wengi walikaa Dar es Salaam na Kigoma, akiwamo Laurent-Désiré Kabila, aliyefika milimani mwezi Julai akakaa siku chache tu. Leonard Mitoudidi, ambaye Che alimwona kuwa mtu wa mpango na kazi, alizama ziwani mwezi Juni siku ya upepo. Watu wa Mwanza hatuna haja ya kuelezwa jinsi ziwa linavyobadilika. Askari walitegemea dawa ya mganga ya kugeuza risasi maji. Wakuba walilistaajabia jambo hilo, lakini kwa nchi iliyopigana Maji Maji kuanzia 1905 si geni, wala si la kuchekwa. Walipotakiwa kubeba chakula na risasi kutoka ziwani, askari walikataa wakidai kwamba wao si malori. Baadaye walikuwa na jibu jingine, kwamba wao si Wakuba. Che aliyaandika maneno hayo katika daftari lake kwa uchungu, na twadhani aliyaelewa kuliko alivyokiri. Mtu aliyewahi kuuliza habari za wabeba mawe wa Chuquicamata alikuwa sasa upande wa wanaoamuru mizigo ibebwe.

Mwishoni mwa Juni walishambulia Bendera, penye mitambo ya umeme. Walishindwa, Wakuba wanne waliuawa, na daftari lililopatikana kwa mmoja wao lilimfunulia adui kwamba Wakuba wamo nchini. Kuanzia hapo mambo yaliteremka. Oktoba wakuu wa nchi za Afrika walikutana Accra, hali ya Kongo ikabadilika, na Tanzania ikawataka Wakuba waachane na msaada ule. Usiku wa tarehe 21 Novemba 1965 mashua ziliwavusha kurudi Kigoma, na siku tatu baadaye Mobutu akatwaa madaraka. Kabila naye alingoja mpaka Mei 1997 ndipo akaingia ikulu, akauawa Januari 2001.

Che alikaa katika nyumba ya ubalozi Dar es Salaam miezi kadhaa akiandika habari za vita ile. Hakujitetea. Aliiita ni habari ya kushindwa, akajilaumu kwa hasira zake, kwa kukaa mbali na askari wa kawaida, na kwa kutojifunza Kiswahili upesi na vya kutosha. Ukubwa wa mtu huyu, kwa maoni yetu, uko katika kurasa zile kuliko katika picha ya Korda, maana ni wachache miongoni mwa wenye cheo wanaoandika taarifa ya namna hiyo juu ya kazi yao wenyewe.

Linalosikitisha ni kwamba lilimpata tena. Novemba 1966 aliingia Bolivia, nchi ya uwanda ule ule wa Andes alioupita juu ya lori. Wapiganaji wake walijifunza Kiquechua, kumbe katika sehemu waliyoingia wenyeji walisema Kiguarani. Kwa miezi 11 hakuna mkulima hata mmoja aliyejiunga nao. Tarehe 8 Oktoba 1967 alikamatwa amejeruhiwa katika korongo la Yuro, na siku ya pili yake akapigwa risasi katika chumba cha shule ya La Higuera, mwenye miaka 39. Mifupa yake ilifukuliwa Vallegrande mwaka 1997 ikazikwa Santa Clara, Kuba. Granado, mwenye pikipiki, alihamia Kuba mwaka 1961 akafundisha huko, akafa mwaka 2011.

Yuko mmoja ambaye hatajwi sana. Katika milima ile ya ng'ambo, Che alipewa kijana wa Kikongo amfundishe Kiswahili, jina lake Freddy Ilanga. Kijana alikuwa na miaka 16, na inasemekana mwanzoni hakumpenda mzungu yule hata kidogo. Alikaa naye miezi saba. Vita ilipokwisha alipelekwa Kuba, akasoma, akawa daktari mpasuaji wa ubongo wa watoto. Jamaa zake walidhani amekufa. Walipata habari zake baada ya miaka karibu 40. Alifariki huko mwaka 2005.